DIREKTA AKIWEKA CHAKI CHINI, TUMPE NINI?

Ndugu wafanyakazi wa visima, mama zetu watwangaji wa mawe, wenye maduka, vijana na wazee wa Kamituga,

Iko desturi moja katika miji yetu ambayo sote twaijua. Mkuu wa shule akifika mwisho wa kazi yake, watu hukusanyika uwanjani. Viti huazimwa kanisani, watoto huimba, wakubwa husoma hotuba ndefu, na mzee hupewa kitambaa, au mbuzi, au saa ya ukutani. Picha hupigwa. Jioni viti hurudishwa kanisani, na mzee hushika njia ya kwake na mbuzi wake. Asubuhi ya pili hakuna aulizaye: Je, mzee amekula nini? Na mwezi ujao atakula nini?

Swali hilo ndilo tunaloliweka leo mbele yenu.

Hatusemi kwamba sherehe ni mbaya. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na mtu aliyefundisha watoto wa mji huu miaka thelathini au arobaini astahili kuchezewa ngoma mpaka usiku. Lakini twasema wazi ya kuwa sherehe bila haki ni deni lililofunikwa kwa kitambaa kizuri. Tena wako wengi ambao hata sherehe hiyo hawaifikii. Umri wao wa kupumzika umekwisha kupita, nywele ni nyeupe, macho hayaoni ubao vizuri, na bado kila asubuhi wanapanda mlima kwenda shuleni. Watu wengine huwacheka na kusema, “Mzee huyu hataki kuwaachia vijana nafasi.” Hayo si kweli. Mzee anabaki kwa sababu siku atakayotoka, mshahara wake mdogo utakatika, na malipo ya mwisho anayostahili huenda asiyaone kabla ya kuingia kaburini. Ubao umekuwa fimbo yake ya kuegemea, na akiiacha ataanguka.

Tuwakumbuke watu hawa ni nani.

Wakati wa Wabelgiji shule za nchi hii zilikuwa karibu zote mikononi mwa misioni. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilitoa fedha zake kwa misioni za Kikatoliki zilizohesabiwa kuwa za taifa lao. Waprotestanti walingoja mpaka baada ya vita vya pili vya dunia, na shule za serikali zisizo za dini kwa watoto wa Kiafrika hazikuanza ila katika mwaka wa 1954. Elimu yenyewe ilipimwa kama chumvi dukani: ya kutosha kumpata karani, fundi, msaidizi wa mganga na mwalimu wa darasa la chini, isizidi hapo. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka wa 1954, na siku ya Uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliomaliza chuo kikuu katika nchi nzima hawakufika thelathini. Nchi kubwa kama hii, yenye shaba na dhahabu na almasi, na wasomi wake wangeweza kuingia wote katika lori moja!

Basi Wazungu wengi walipoondoka kwa haraka katika mwaka ule, nani alishika funguo za shule? Walimu wa nje waliletwa, na hatuwasahau Wahaiti waliovuka bahari kuja kufundisha watoto wetu. Lakini katika vijiji na miji midogo, mzigo uliangukia mabega ya walimu wetu wenyewe. Wengi wao hawakuwa na vyeti vikubwa. Jana walikuwa walimu wa darasa la pili, leo wameitwa madirekta. Ndio waliokuwa watangulizi. Waliongoza shule katika maasi ya mwaka wa 1964. Waliongoza serikali ya Mobutu ilipozichukua shule za dini katika mwaka wa 1974, na waliongoza tena ziliporudishwa kwa makanisa katika mwaka wa 1977. Kila mara kibao cha mlangoni kilibadilishwa, na kila mara mtu aliyefungua mlango saa moja ya asubuhi alikuwa ni yuleyule.

Kisha ukaja wakati mbaya kuliko yote. Mwaka wa masomo wa 1991 na 1992 ulipotea bure, ukaitwa mwaka mweupe, maana walimu walikuwa wamegoma na serikali haikuwa na la kuwajibu. Tangu hapo mzazi ndiye aliyemlipa mwalimu. Vita ya mwaka wa 1996 ikaja, na ile ya mwaka wa 1998 ikaja juu yake. Katika miaka ile serikali ya Kinshasa ilikuwa mbali kama mwezi. Shule za Kivu zilisimama kwa fedha za mama waliouza mihogo na mafuta ya mawese, na kwa uvumilivu wa madirekta na maprefe waliokaa na kitabu cha majina wakihesabu ni mtoto gani amelipa na yupi hana kitu. Twajua wote ya kuwa wengi hawakumfukuza yule asiye na kitu. Hasara ile waliibeba wenyewe, katika sahani za watoto wao.

Huyo ndiye mtu tunayempa mbuzi mmoja na kumwambia kwaheri.

Sasa tuwapelekeni Kenya kidogo, kwa sababu huko kuna habari moja ya mkuu wa shule aliyestaafu ambayo yafaa kufikiriwa hapa kwetu.

Katika mji wa Kikuyu, karibu na Nairobi, iko shule iitwayo Alliance. Ilifunguliwa mwaka wa 1926 kwa umoja wa misioni za Kiprotestanti. Kuanzia mwaka wa 1940 mpaka mwaka wa 1962 mkuu wake alikuwa Mwingereza Edward Carey Francis. Mtu huyu alikuwa mwalimu wa hesabu katika chuo kikuu cha Cambridge, akaacha cheo kile katika mwaka wa 1928, akaja kufundisha Maseno, upande wa ziwa Victoria, kabla ya kupelekwa Alliance. Mkononi mwake walipita vijana wengi waliokuja kuwa mawaziri, waganga, mahakimu na waandishi. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki katika mwaka wa 2025, alisoma kwake kutoka mwaka wa 1955 mpaka 1958, na baadaye aliandika kitabu kizima juu ya miaka ile.

Katika mwaka wa 1962 Carey Francis alistaafu. Umri wake ulikuwa karibu miaka sitini na mitano. Angeweza kurudi kwao Uingereza na kulima maua. Hakufanya hivyo. Alikwenda Pumwani, mtaa wa Waafrika maskini upande wa mashariki wa Nairobi, akaingia katika shule ya watoto wa mtaa ule, si kama mkuu wake, bali kama mwalimu wa kawaida wa hesabu. Aliyekuwa juu ya walimu wote wa shule kubwa kuliko zote za Waafrika katika nchi ile alikubali kuwa chini ya mkuu mwingine. Alifundisha hapo mpaka alipokufa katika mwaka wa 1966. Walimzika Alliance.

Tunasikia baadhi yenu mkisema: “Mbona gazeti la chama linatuletea Mzungu?” Ni swali la haki, na hatutalikimbia. Mtu huyu hakuwa malaika. Alikuwa mkali sana, alipinga Mau Mau, na hakuamini ya kuwa Uhuru ungefaa kuja upesi kama watu walivyoutaka. Oginga Odinga, ambaye baadaye alikuwa makamu wa kwanza wa Rais wa Kenya, alikuwa chini yake Maseno, na waligongana. Hatuombi mtu yeyote akubali siasa yake. Twamtaja kwa jambo moja tu: alipotoka katika cheo chake, alikuwa na njia mbili mbele yake. Angeweza kupumzika, na angeweza kufundisha. Alichagua.

Hapo ndipo pana tofauti kati yake na direkta wetu. Wote wawili utawakuta mbele ya ubao wakiwa wazee. Ukiwatazama kutoka dirishani utadhani ni jambo moja. Lakini wa Pumwani alikuwa pale kwa kupenda, na wetu yuko pale kwa kufungwa. Yule akiugua angeweza kulala kitandani. Huyu akiugua hukokotwa na njaa mpaka darasani. Kumsifu mtu wa pili kwa kumwita “mtumishi asiyechoka” ni kumdhihaki. Amechoka! Amechoka sana, na hana ruhusa ya kuchoka.

Hata Tanzania jirani wanalo neno zuri ambalo Julius Nyerere alilitia katika Kiswahili kutoka lugha yake ya Kizanaki: kung'atuka. Katika mwaka wa 1985 aliacha urais kwa hiari, na baadaye akarudi kijijini kwake Butiama. Watu waliendelea kumwita Mwalimu, kwa maana ndiyo kazi aliyoianza kabla ya siasa. Kung'atuka ni tendo la mtu huru. Mtu asiye na mahali pa kwenda hawezi kung'atuka. Huweza tu kuanguka.

Ninyi wafanyakazi wa Kamituga hamhitaji kufundishwa jambo hili. Mmelijua katika mifupa yenu. Dhahabu ya mji huu ilichimbwa na kompani ya Wabelgiji, M.G.L., tangu zamani za ukoloni. Katika mwaka wa 1976 ikaja SOMINKI, iliyounganisha makompani ya madini ya Kivu na Maniema. SOMINKI ikavunjwa katika mwaka wa 1997. Wazee walioingia Mobale wakiwa vijana wenye kifua kipana walitoka wakikohoa, na wengi wao walikaa miaka wakidai malipo yao ya mwisho, wakihifadhi makaratasi yao katika masanduku ya bati mpaka panya walipoyala. Wengine walikufa na karatasi mkononi. Basi mchimbaji mzee na direkta mzee ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja alitoa dhahabu chini ya ardhi, mwingine alitoa dhahabu katika vichwa vya watoto, na wote wawili waliambiwa: “Ngojeni, faili lenu liko Kinshasa.” Asante ya punda ni mateke.

Tena yako mambo ambayo mkuu wa shule wa Kamituga huyafanya, na ambayo mkuu wa shule wa mji mwingine hayajui. Hapa kwetu shule ina mshindani. Kila siku kijana wa miaka kumi na mitatu hupita mbele ya shimo ambapo rafiki yake anapata fedha kabla ya jua kuzama, nayo shule inamwomba angoje miaka kumi. Direkta ndiye aendaye kumtafuta huyo kijana visimani, akisema na mwenye kisima, akisema na mama, akirudi jioni na tope mpaka magotini, mara na mtoto, mara bila mtoto. Tarehe 11 Septemba 2020 mvua kubwa ilijaza maji katika machimbo ya dhahabu hapa Kamituga, na watu wapatao hamsini wakafa, vijana wengi kati yao. Siku ile mji mzima ulilia. Kila mtoto aliyekuwa darasani saa ile, badala ya kuwa shimoni, alikuwa pale kwa sababu kuna mtu aliyemwita na kumshika. Kazi hiyo haiandikwi katika ripoti yoyote wala hailipwi senti.

Sasa watasema wenye mamlaka: “Mbona mnalalamika? Masomo ya shule ya msingi ni bure.” Ndiyo, Katiba ya mwaka wa 2006 ilisema hivyo katika kifungu chake cha 43, na katika mwaka wa 2019 serikali ilianza kulitimiza neno lile. Tulilifurahia, na twalitetea hata leo, kwa maana watoto wa maskini waliingia shuleni kwa maelfu. Lakini mambo mawili yalitokea pamoja. Madarasa yalijaa mpaka watoto wakakaa chini, na ile fedha ya wazazi iliyokuwa ikimsaidia mwalimu ilikatika, hali walimu wengi majina yao hayakuwa bado katika orodha ya mishahara ya serikali. Elimu ya bure inayolipwa kwa jasho la mwalimu si ya bure. Mwalimu ndiye aliyeilipa. Na Bukavu ilipoanguka mikononi mwa M23 katika Februari 2025, benki zake zikafunga milango, na mtumishi wa serikali akajua tena namna ya kuwa na mshahara katika karatasi bila kuwa nao mfukoni.

Kwa hiyo gazeti hili halisemi tu “hongera”. Tunasema mambo manne.

La kwanza, serikali imlipe mwalimu anayestaafu malipo yake ya mwisho siku ileile anapokabidhi funguo, na pensheni yake ifuate kila mwezi. Haya si sadaka. Ni mshahara wake wa miaka arobaini ambao sehemu yake ilibaki kwa mwenye kumwajiri. Nchi inayoweza kuhesabu gramu za dhahabu zinazotoka katika ardhi yake yaweza kuhesabu miaka ya mwalimu.

La pili, makaratasi. Wazee wengi hukosa haki yao kwa sababu barua ya kuajiriwa imepotea, au jina limeandikwa namna mbili, au nambari ya mtumishi haionekani. Kila kamati ya wazazi na ichague watu wawili wanaojua kuandika vizuri, wakae na direkta wao sasa, angali na nguvu, watengeneze faili lake, karatasi kwa karatasi, nakala tatu: moja kwake, moja shuleni, moja parokiani au mahali pengine salama. Kazi hiyo haihitaji fedha ya Kinshasa. Yaweza kuanza Jumamosi ijayo.

La tatu, sisi wenyewe. Twajua likelemba. Mama watwangaji wanaijua kuliko waziri yeyote wa fedha. Wale waliosoma kwa direkta na leo ni wenye visima, wauzaji wa dhahabu, waganga, madereva, na wafundishe mikono yao kukumbuka. Kidogo kila mwezi kutoka kwa watu mia moja humtunza mzee mmoja bila kumwaibisha. Lakini msikie vizuri: likelemba ni ya kumshika mzee mkono wakati anangojea haki yake. Si ya kuifuta haki hiyo. Atakayewaambia “kwa kuwa mnamsaidia, serikali haina deni tena,” mkataeni.

La nne, funguo. Kiti cha direkta kisiuzwe. Akitoka mkuu mwema, nafasi yake ipewe mwalimu ajuaye kazi, si shemeji wa mkubwa, wala mwenye kuleta bahasha. Hakuna tusi kubwa kwa mzee aliyejenga shule kuliko kuona kwa macho yake inabomolewa na yule aliyemkabidhi. Na kabla hajaondoka, vijana wa darasa la sita la sekondari wakae naye na daftari, waandike historia ya shule yao kutoka kinywani mwake: nani alileta mabati ya kwanza, nani alichonga madawati, katika vita watoto walijificha wapi. Mzee akifa bila kuandikwa, mji unabaki yatima wa akili.

Mambo hayo manne yakitimizwa, ndipo ngoma zipigwe. Ndipo mbuzi achinjwe, na hotuba ziwe ndefu kama watakavyo wakubwa. Mzee atakaa katika kiti chake mbele ya watu, na hatahesabu moyoni mwake siku za unga uliobaki nyumbani. Na baada ya mwaka mmoja, akitaka kurudi shuleni asubuhi moja kuwafundisha watoto hesabu, kama yule wa Pumwani, atarudi kwa miguu yake, kwa kupenda kwake, na akichoka saa nne atasema “nimechoka” na kwenda kulala.

Tulidai Uhuru tukisema ya kuwa mtu mweusi si chombo cha kutumiwa na kutupwa. Neno lile halikusemwa kwa Wabelgiji peke yao. Limesemwa kwa kila serikali, kwa kila kompani, na kwetu sisi wenyewe. Ndugu, kila mmoja wenu anayesoma maneno haya, yuko mtu aliyemshika mkono wake mara ya kwanza akamwonyesha namna ya kuandika herufi A. Nendeni mkamtazame mtu huyo wiki hii. Mwulizeni amekula nini. Mwulizeni faili lake liko wapi.

UHURU NA HAKI KWA WALIMU WETU!
UMOJA WA WAFANYAKAZI WOTE!